Matobolwa ya Kukomboa Ndege

Jumapili, Aprili 1982. Ngokolo, Shinyanga.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa yamebaki manyunyu ya kuudhi, yale yasiyojaza pipa wala kukuruhusu kuanika nguo. Nimetoka kwa Mzee Pazi. Sikukaa sana. Nimevua viatu vyenye tope, nimejilaza kitandani mchana kweupe kama mgonjwa, na watoto wananichungulia mlangoni kuona kama nalia. Silii. Nimechoka tu.

Nimechoka uchovu ambao usingizi hauutibu.

Naandika ili nijue mwenyewe kilichotokea, maana kila mtu mtaani ana habari yake. Wako wanaosema nimemfungisha Mzee Pazi. Wako wanaosema nimemtoa. Jana bombani nilimsikia mwanamke akimwambia mwenzake kwamba mimi ndiye niliyezuia ndege isitekwe hapa Shinyanga. Nikapanga ndoo yangu nyuma yao. Ningeanzia wapi kumweleza, na foleni ile, na maji yenyewe yalikuwa yanatoka kwa kudondoka?

Labda nianzie kwenye kazi. Kazi yangu ni kupekua wanawake. Si kazi ya kujisifia ukweni, lakini tangu Baba Shija afariki ndiyo inayowalisha watoto wake. Miaka mingi nilikuwa getini kule kwenye almasi, Mwadui, nikipapasa mishono, mafundo ya kanga, nywele zilizosukwa, hata nepi. Mikono yangu inajua tofauti ya kokoto na fundo la uzi kabla macho hayajaona. Halafu mwezi wa pili ile ndege ikatekwa ikitoka Mwanza, ikazungushwa nchi za watu mpaka Uingereza, na kila mwenye cheo akashtuka. Kila uwanja ukatakiwa uwe na mpekuzi wa kiume na wa kike, hata huu wetu ambao mbuzi hukatiza njia ya ndege wakati wowote wanaotaka. Wakauliza nani anajua kupapasa. Nikaazimwa.

Tukapelekwa semina Mwanza. Mkufunzi alitoka Dar, mtu mpole mwenye sauti ya kasisi, na ndani ya ukumbi ule wenye joto akatusimulia historia nzima ya mambo haya kama mtu anayesimulia ukoo wake. Jinsi ndege za Marekani zilivyokuwa zikigeuzwa kwenda Kyuba mpaka abiria wakazoea. Jinsi Wapalestina walivyozishusha ndege jangwani, wakawatoa watu, wakazilipua zikiwa tupu ili dunia iwasikilize. Wanamichezo waliouawa kule Ujerumani. Entebe, ambayo ni hapo tu ng'ambo ya ziwa letu, na wanajeshi waliotua gizani kuchukua watu wao. Akafika mpaka Dar yenyewe, kwenye kile kifurushi chenye kitabu kilichomlipukia kiongozi wa wapigania uhuru miaka ya sitini. Hapo nikamkumbuka baba. Siku ile alizima redio akakataa kula.

Baba alikuwa mlipua miamba kule Geita, wakati mgodi wa dhahabu ulikuwa bado unafanya kazi. Nimekulia kwenye milipuko. Baruti ikilia mchana, mama alijua ni wakati wa kusonga ugali, na sisi watoto hatukuinua hata kichwa. Nilidhani mlipuko ni kazi ya baba, kama jembe lilivyo kazi ya baba wa mwenzangu. Kumbe kuna watu duniani wanaofunga baruti ndani ya kitabu. Baba hakuwahi kulisema hilo, lakini nadhani ndilo lililomnyima chakula.

Mpekuzi mmoja kutoka Musoma, mama mnene asiyeogopa mtu, alinyoosha mkono. Akauliza, hawa ndugu zetu wa kusini tunaowachangia kila mwaka, redio za makaburu zinawaita magaidi. Sasa mmoja wao akipita mbele yangu na bastola yake kiunoni, nimwite nani? Mkufunzi akanywa maji. Akasema taratibu zitafuata.

Bado hazijafuata.

Tulichofundishwa kwa vitendo kilikuwa kidogo, na nilikielewa. Mtekaji usimpandishe hasira. Mwongeleshe polepole. Mpe kitu kidogo, maji, sigara, chakula, huku ukivuta muda. Na mzaha wowote kuhusu silaha au utekaji ni kosa, bila kujali nani kausema. Hilo la mwisho waliliandika kwa rangi nyekundu na tukarudi nalo kubandika ukutani.

Nikaanza kazi, na kazi ikaanza kunila. Mwadui walionipita walikuwa wafanyakazi, tulizoeana, tulipekuana huku tunaulizana habari za unga. Uwanjani wanapita watu ninaowahitaji. Mama Karim, mke wa mwenye duka la vitambaa pale mjini, alinisitiri sana kanga zilipoadimika. Alikuwa ananiwekea doti chini ya meza, mimi na yeye tunajua. Siku aliyosafiri nikampapasa sari yake kuanzia begani mpaka kwenye kisigino. Alisimama, ananitazama kipaji cha uso. Tangu hapo nikiingia dukani ananihudumia vizuri kabisa, na kanga hakuna.

Sasa Mzee Pazi.

Mzee Pazi ni Mzaramo. Aliletwa huku na reli, reli ikamstaafisha, na kwao hakurudi. Na kwa kuwa babu zetu ndio waliobeba pembe mpaka pwani na kufikia kwao, yeye na sisi ni watani, na hakuna mtani aliyewahi kuifanya kazi hiyo kwa bidii kama Pazi. Wasukuma wote wa Ngokolo ni watumwa wake. Anaingia nyumbani bila hodi, anafunua chungu, anachagua mnofu, analalamika kwamba hatujui kupika kwa sababu tumelelewa na ng'ombe. Mimi ananiita Mama Papasa. Nami namwita mla nazi, mvivu, mcheza ngoma asiye na shamba. Siku akinipita bila kunitukana nilikuwa nafikiri ana homa.

Baba alipofariki tulifika makaburini tukakuta Pazi amekwishaingia ndani ya kaburi, amelala chali, amekunja mikono kifuani. Akasema hatoki, na Msukuma hazikwi leo, mpaka apewe kuku. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Mama yangu, ambaye kwa siku zote zile hakuwa ametoa neno, akasema, "Mpeni huyo Mzaramo kuku wake atupishe." Lilikuwa neno lake la kwanza. Kuku akaletwa, Pazi akatoka, akajifuta vumbi, kisha yeye ndiye aliyetupa udongo akilia kuliko sisi.

Ndivyo utani ulivyo kwetu. Mtu anakuzuia njia mahali unapoogopa kupita, unalipa kitu kidogo, unapita ukiwa mwepesi.

Kaka yangu mkubwa, Masanja, alikuwa anaogopa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu kiasi cha kumwagia ng'ombe maji nje ya birika. Hospitali ya Dar ikakubali kumpasua, na kwa kuwa hakuweza kuhimili treni peke yake katika hali ile, ukoo na jirani wakachanga apande ndege. Siku hiyo walikuja wote uwanjani, shangazi, watoto, majirani, na Pazi mbele yao kana kwamba safari ni yake. Mimi nilikuwa kazini, na sare yangu. Mkononi nilikuwa na kitambaa nilichofungia matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kuanika, ili kaka atafune njiani.

Nilikwisha kumaliza kupekua. Abiria walikuwa wanaanza kutoka kwenda kwenye ndege. Kaka alifika kwenye kile kigeti cha mbao kinachoingia uwanjani, akasimama. Akagongagonga chini kwa fimbo yake kutafuta kizingiti. Akasema, wala hakumwambia mtu, kwamba anahisi kama anakwenda kuzikwa na watu wasiomjua.

Pazi alisikia.

Akamnyang'anya fimbo. Akajitia mbele ya kigeti, akaiinua ile fimbo begani kama bunduki, akatuelekezea wote, akatangaza kwa sauti yake ile ya kuitia treni: "Ndege hii nimeiteka mimi, Pazi! Msukuma huyu haendi Dar kuniharibia mji wetu mpaka watumwa wangu wanilipe!"

Vicheko. Shangazi akanyanyua mikono juu, anajisalimisha, anapiga vigelegele. Watoto nao wakanyanyua mikono. Na wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mtani akidai lazima alipwe, na mimi ndiye niliyekuwa karibu, na mkononi nilikuwa na kitu.

Hapa ndipo kila aliyenihoji ananirudisha. Ulifikiri nini? Sikufikiri chochote. Bango jekundu lilikuwa nyuma yangu ukutani, nililibandika mwenyewe kwa gundi ya unga, na wala halikunijia akilini. Kwa maisha yangu yote mtani akiziba njia nimelipa. Nilimpa Pazi kile kifurushi cha matobolwa nikamwambia, "Kula, mla nazi mwenye njaa, umpishe mwenye safari." Akafungua palepale, akatafuna kimoja, akasema ni vigumu kama roho zetu, akamrudishia kaka fimbo pamoja na nusu ya matobolwa. Akamwambia akifia huko atamfuata kumdai. Kaka akacheka. Akatembea mpaka kwenye ndege anacheka, shangazi amemshika mkono kumsindikiza, na pale ngazini aligeuka akamtukana Pazi tusi ambalo sitaliandika.

Yule rubani simlaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu ile ndege itekwe marubani wote wamekuwa hivyo. Kutoka kwenye kidirisha chake aliona mzee ameinua kitu kirefu begani. Aliona watu wamenyanyua mikono. Aliona mpekuzi mwenye sare anamkabidhi mtu huyo kifurushi. Akaita Mwanza kwenye redio yake. Kabla hajatokea wa kukimbia kumweleza, Mwanza wakamwambia afunge mlango aruke na hao hao alionao. Kaka akapaa. Hakujua, na mpaka leo hajui.

Afande Haule, mkuu wa ulinzi pale uwanjani, alikuja anatembea, hakukimbia. Alisimama mbele yangu akasema polepole, "Mama Shija, mimi ni Mngoni, watani ninao. Lakini habari imeshafika Mwanza, na ikifika Mwanza imefika Dar."

Kisha akamshika Mzee Pazi mkono, kwa upole kabisa. Pazi alikuwa bado anatafuna. Alidhani utani unaendelea. Akamwuliza, "Na wewe unataka matobolwa?"

Hilo swali linanirudia nikiosha vyombo, nikitembea, nikisali.

Wakampeleka Mwanza. Kwa muda hatukujua yuko wapi hasa. Bi Mwajuma, mkewe, alipika nikabeba, nikapanda gari, nikafika, nikaambiwa hapa hayupo, nikarudi na chakula kimechacha. Mara ya pili nikaambiwa yupo lakini haonani na mtu. Unajua mtu anaweza kuwekwa ndani nchi hii bila kuona hakimu, sheria ipo, na sijawahi kuiwazia hata siku moja mpaka ilipomkaribia mzee anayekula kwenye chungu changu. Usiku nilikuwa nawaza zile hadithi za semina. Zote zilikuwa na mwanzo na mwisho: ndege imechukuliwa, ndege imerudi. Hakuna mahali mkufunzi alipotueleza wale waliookotwa pembeni kwa makosa walirudi nyumbani wakiwa watu gani.

Halafu akaja ndugu mmoja kutoka Dar kuandika taarifa. Suti ya mikono mifupi, kalamu nzuri, wala hakuwa mtu mbaya. Alinikalisha kwenye ofisi ya uwanja akanisifu. Akasema amesikia nilivyofanya. Mtekaji akaziba njia, mimi sikupiga kelele, nikamwongelesha, nikampa chakula, nikavuta muda mpaka ndege ikaondoka salama. Akasema hivyo ndivyo hasa tulivyofundishwa, na mpekuzi wa kwanza kuyatumia mafunzo nchini ni mwanamke wa Shinyanga. Alitaka aandike hivyo. Akagusia kwamba watu wa namna yangu hawaachwi wakaendelea kuwa wa kuazimwa. Kuna ajira ya kudumu, kuna nyumba ya kazi.

Nitasema ukweli, maana hapa hakuna wa kumficha. Nilitamani.

Nilitamani mpaka nikajiona ndani ya nyumba ile, yenye bomba uani. Niliona Shija anaenda sekondari. Niliona sina haja tena ya kupanga foleni ya sabuni kabla jogoo hajawika. Nikajiambia kwamba Pazi ni mzee, watamwonea huruma, wataona ni mgonjwa wa akili wamwachie. Nikajiambia mengi. Yule ndugu akawa ameshaanza kuandika, nikaisikia kalamu inakwenda. Nikaona kwamba kila anachoandika kunipandisha mimi kinamshindilia Pazi. Mimi siwezi kuwa shujaa bila yeye kuwa mtekaji.

Nikamwambia, "Hapana, ndugu. Sikumtuliza. Nilimlipa. Yule ni mtani wangu."

Kalamu ikasimama. Akaniuliza, "Ukiwa na sare?"

"Nikiwa na sare."

Akaniuliza kama nafahamu ninachojiandikia. Nikasema nafahamu. Sikuwa nafahamu, lakini nilikuwa nimechoka, na ukweli una faida moja tu kwa mtu aliyechoka, kwamba haukupi kazi ya kuukumbuka. Nikamweleza habari za kaburi la baba na kuku. Nikamweleza shangazi kunyanyua mikono. Aliandika yote. Kuna mahali aliuma midomo, nadhani ni pale kwenye kuku.

Wiki hii wamemwachia. Na mimi nimeambiwa nikae nyumbani hadi nitakapoitwa, sare niirudishe. Niliirudisha haijafuliwa kwa sababu sabuni hakuna, nikaikunja vizuri. Mwadui nako nafasi yangu imekwishapata mtu. Nitauza nini, sijui. Labda matobolwa.

Sikuona uchungu hata kidogo. Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa nawaza kitu kimoja, kwamba Pazi ametoka. Mtani akitoka jela huwezi kumpa pole kama mtu baki. Leo asubuhi nikamvalia kanga ile nzuri, na mvuani nikawa nachagua matusi. Nilipanga nimwambie jela imemnenepesha. Nilipanga nimwambie Wasukuma tumepumua kidogo, chungu chetu kimejaa, kwa nini hawakumweka zaidi. Nikafika sikubisha hodi, kama yeye asivyobisha kwangu. Nikaenda moja kwa moja jikoni, nikafunua chungu cha Bi Mwajuma, nikatoa mnofu, nikaingia nao sebuleni natafuna.

Alikuwa amekaa mkekani. Amekonda, shingo imebaki mishipa. Aliponiona alisimama. Ilimchukua muda kusimama.

"Mwangaluka, mama," akasema. "Karibu kiti."

Miaka yote aliyoishi hapa hakuwahi kutusalimia kwa Kisukuma. Alikuwa anasema lugha yetu ni ya kuitia ndama. Na leo ameitamka vizuri, kila sauti mahali pake. Kumbe siku zote alikuwa anaijua.

Nikacheka kwa nguvu. Nikamwambia, mla nazi wewe, umeloga nani mpaka wakakuachia? Akatabasamu anatazama chini. Akasema tunamshukuru Mungu, mama. Nikamwambia nimekula nyama yake. Akasema niongeze, ipo. Akaniuliza habari za watoto, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao. Akaniuliza kama mvua imefika mashambani. Nilijibu. Tulikaa pale tunajibizana kwa adabu kama watu waliokutana kwenye benchi la zahanati, na ule mnofu ukanikaa mkononi nisijue niuweke wapi. Bi Mwajuma alichungulia mlangoni, akarudi jikoni, nikamsikia anapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Mwishowe nikashindwa. Nikamwuliza, "Pazi, nimekukosea nini?"

Alitazama dirishani kwanza. Halafu akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kama anayo: "Hujanikosea. Waliniambia nikirudia watanichukua mimi na atakayenijibu. Mimi mzee, wanichukue. Lakini utani hauwi wa mtu mmoja, Mama Shija."

Hakuniita Mama Papasa.

Nikataka kumwambia kwamba mimi sina cha kunyang'anywa tena, kazi imeshakwenda. Nikaona nitamwongezea mzigo. Hajui kuhusu kazi, au anajifanya hajui. Nikamwambia tu kwamba Masanja anarudi kesho na treni ya Tabora, tutaenda stesheni kumpokea, na itapendeza akiwapo. Akafikiri.

"Nitakuja, mama," akasema. "Nitasimama nyuma."

Akanisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo pia hajawahi kulifanya. Zamani alikuwa ananirushia kandambili. Akaniambia nikanyage taratibu, kuna utelezi.

Mkufunzi yule alituambia kwamba lengo la gaidi si yule anayemuua. Lengo lake ni wale wanaobaki wakitazama, waanze kuogopana. Niliandika hivyo siku ile kwa sababu alituambia tuandike. Sasa natazama mtaa wetu. Hakuna gaidi aliyewahi kutia mguu Ngokolo. Wale vijana walioteka ile ndege wako Ulaya huko, na abiria wakarudi. Rubani alifanya kazi yake. Afande Haule alifanya kazi yake, na yule ndugu wa Dar aliandika nilichosema, hakupunguza. Sina wa kumchukia, na hilo nalo linachosha. Ningekuwa na mtu mmoja wa kumlaani ningepata usingizi.

Manyunyu yamekatika. Shija ameingia kuniuliza kama kesho watavaa nguo za Pasaka kwenda kumpokea mjomba. Nimemwambia ndiyo. Wanafurahi, na wana haki ya kufurahi: macho yamefunguka. Aliyempigia simu kule hospitali anasema Masanja anasoma mpaka vibao vya mlangoni na anabishana na manesi. Mambo ya Pazi hatujamwambia, kwa kuwa daktari amekataza asilie mpaka vidonda vikauke.

Namjua kaka yangu. Akishuka kwenye behewa hatatusalimia sisi kwanza. Ataangaza huku na huku kwa macho yake mapya, atamwona Mzaramo wake amejificha nyuma ya watu, na atamtukana kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Kisha atanyamaza, kasimama pale na mzigo wake, anasubiri.

Nitamwambia nini kaka yangu, akijibiwa, "Karibu, ndugu. Pole na safari"?